Mwanzilishi Akifariki, Kikaragosi Wake Aendelee? Njia Nne Zilizokwisha Kujaribiwa

Jim Henson alifariki dunia jijini New York tarehe 16 Mei 1990, akiwa na miaka 53. Maambukizi ya bakteria yalimwangusha kwa siku chache tu. Aliacha watoto watano, aliacha kampuni, na aliacha Kermit, kikaragosi aliyemshona mwaka 1955 kutoka koti kuukuu la mama yake na ambaye baadaye alikuja kujulikana duniani kote kama chura. Kwa miaka 35 mkono ndani ya Kermit ulikuwa wa Henson, na sauti ilikuwa ya Henson. Sasa kitambaa kilikuwepo, mwenye mkono hayupo.

Jambo kama hili laweza kuikuta familia ya msanii yeyote wa vikaragosi, kikundi kinachozunguka mashuleni, kituo cha televisheni, hata mzazi anayechagua mtoto wake atazame nini. Wapo wanaosema upesi kwamba kikaragosi aendelee kwa sababu watoto wanampenda. Wapo wanaosema vilevile upesi kwamba kumchezesha bila mwenyewe ni kumkosea marehemu. Ukiangalia yaliyotokea kweli, utaona njia ni nne, na kila moja imemfaa mtu fulani. Nimezipima zote kwa vigezo vilevile ili uone iliyo karibu na hali yako.

Vigezo vinne

Cha kwanza ni nia ya mwanzilishi. Alisema nini akiwa hai? Kama hakusema, alifanya nini? Matendo nayo husema. Aliyekaa miaka akimfundisha mtu mwingine kazi yake amekwisha kueleza anachotaka, hata kama hakuandika wosia.

Cha pili ni mkono na sauti. Kikaragosi hana uso wake mwenyewe. Kichwa cha Kermit ni kitambaa laini kilichovalishwa kiganja, na vidole vikikunjwa, uso nao hukunjika. Wengine wana vichwa vya mbao vyenye taya la kuvutwa kwa kamba, na wengine hawasemi kabisa. Kadiri mwili na sauti ya mtu mmoja vinavyokuwa ndani ya kikaragosi, ndivyo kumrithisha kunavyokuwa kugumu.

Cha tatu ni mtazamaji, na hasa mtoto, maana mtu mzima anaomboleza msanii ilhali mtoto anamngoja rafiki yake.

Cha nne ni haki na riziki. Nani anamiliki kitu chenyewe, nani anamiliki jina, na ni watu wangapi wanakula kwa kazi hiyo? Kenya na Tanzania, haki za kiuchumi za kazi ya sanaa kwa kawaida hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Marekani ni miaka 70. Huo ni muda mrefu wa ndugu kuvutana.

Njia ya kwanza: kumpumzisha

Edgar Bergen alikuwa maarufu Marekani kwa kuzungumza na Charlie McCarthy, kijana wa mbao mwenye kofia ndefu na miwani ya jicho moja, hata redioni ambako hakuna aliyewaona. Septemba 1978 Bergen alitangaza kwamba anastaafu na kwamba Charlie atakwenda kwenye makumbusho ya Smithsonian, Washington. Mwezi huohuo, tarehe 30, alifariki. Burr Tillstrom wa Chicago, aliyewachezesha Kukla na Ollie kwenye televisheni kuanzia miaka ya 1940, alifariki Desemba 1985, na vikaragosi wake wamehifadhiwa kwenye makumbusho ya historia ya mji huo.

*Nia ya mwanzilishi.* Kwa Bergen hakuna la kubishania. Alisema mwenyewe, kwa kinywa chake, Charlie anakwenda wapi. Ni nadra kupata uwazi wa namna hiyo, na unapoupata, heshima inataka ufuatwe hata kama kuna faida ingeweza kupatikana.

*Mkono na sauti.* Hapa ndipo njia hii ina nguvu zaidi. Utamu wa Charlie ulikuwa ugomvi wake na Bergen: mtoto mjuaji anamchokoza mzee mpole, na wote wawili ni mtu mmoja. Ukimwondoa Bergen umeondoa pande zote mbili za mazungumzo. Tillstrom naye aliwachezesha wahusika wake karibu wote peke yake, na maneno aliyatunga papo hapo bila maandishi. Mrithi angefuata nini?

*Mtazamaji.* Wapenzi wazima wanapata nafasi ya kuomboleza wakamaliza. Rekodi zinabaki, na zinabaki na sauti ya kweli. Lakini mtoto aliyezaliwa baadaye atakutana na kitu nyuma ya kioo. Charlie alikuwa miongoni mwa nyota wakubwa wa redio Marekani, na leo vijana wengi wa hukohuko hawamjui. Hiyo ndiyo gharama, na anayechagua njia hii aichague akiijua.

*Haki na riziki.* Ugomvi ni mdogo, kwa kuwa hakuna kazi mpya ya kugombania. Ila kama kulikuwa na mafundi, waandishi na wapiga muziki, nao wanapumzishwa pamoja na kikaragosi.

Kuna kumpumzisha kwa muda pia, na mimi naiona ni hekima iliyosahaulika. Rowlf, mbwa mpiga piano ambaye naye alikuwa wa Henson, hakupewa sauti mpya baada ya mazishi. Katika filamu ya vikaragosi wa Henson ya mwaka 1992 anaonekana akipiga piano tu, kimya. Ilikuwa 1996 ndipo Bill Barretta alipoanza kumsemea.

*Inamfaa nani.* Msanii wa peke yake, anayetunga jukwaani, asiye na mwanagenzi, na zaidi ya yote aliyesema wazi kwamba hataki aendelezwe.

Njia ya pili: kumkabidhi mrithi

Njia hii ndiyo yenye mifano mingi na ndiyo yenye machozi mengi, kwa hiyo nitakaa hapa zaidi. Ndani yake kuna mbili: kukabidhi mwenyewe ukiwa hai, na kukabidhiwa na wengine baada ya mazishi. Tofauti ya hizo mbili ni kubwa kuliko tofauti ya sauti yoyote.

*Nia ya mwanzilishi.* Harry Corbett wa Uingereza alimnunua dubu mdogo wa kuvaa mkononi, Sooty, mjini Blackpool mwaka 1948, alipokuwa likizoni na familia. Mwaka 1976 alimkabidhi mwanawe Matthew. Harry aliishi hadi 1989, akiona kazi yake ikiendelea kwenye mkono wa mwanawe. Mwaka 1998 Matthew naye akastaafu, akamwachia Richard Cadell, ambaye si wa ukoo. Mara mbili Sooty amebadilisha mkono, na mara zote mbili aliyetoa alikuwa hai na alitoa kwa hiari.

Henson hakupata nafasi hiyo. Lakini alipofariki alikuwa katika mazungumzo ya kuiuzia kampuni ya Disney wahusika wake, na mtu anayewauza wahusika kwa kampuni kubwa hatarajii wazikwe naye. Mnamo 1986 aliwaandikia watoto wake barua za kufunguliwa akishafariki, akieleza namna anavyotaka aagwe: watu wasivae nyeusi, na kuwe na furaha. Ibada ilifanyika tarehe 21 Mei 1990 katika kanisa kuu la St. John the Divine. Big Bird, yule ndege mkubwa wa manjano wa Sesame Street, kipindi cha televisheni cha watoto, alisimama akaimba wimbo wa Kermit. Kermit mwenyewe hakuchezeshwa siku hiyo.

Familia ilimwomba Steve Whitmire, aliyekuwa akifanya kazi na Henson tangu 1978. Novemba 1990, katika kipindi maalumu cha kumkumbuka Henson, Kermit alionekana tena. Katikati hapo ilipita nusu mwaka, na sidhani kwamba nusu mwaka ni nyingi.

*Mkono na sauti.* Whitmire hakuwa na koo la Henson, na waliomjua Kermit vizuri waliisikia tofauti. Sioni kwamba hilo ndilo jambo kubwa. Sauti huzoeleka. Kinachomfanya Kermit awe Kermit ni maamuzi yake: nini kinamkasirisha, anavumilia kiasi gani kabla ya kupiga kelele, anamjibuje mtu anayemdharau. Mrithi aliyekaa miaka 12 karibu na mwenye kazi anayajua hayo bila kufundishwa. Aliyeajiriwa kwa sababu anaiga sauti vizuri hawezi kuyajua.

Big Bird anaonyesha jinsi jambo hili linavyofanywa vema. Urefu wake unakaribia mita 2.5. Mchezeshaji anaingia ndani, anainua mkono wa kulia juu ya kichwa chake kuwa shingo na mdomo wa ndege, kidole cha mwisho kinaendesha macho, na anajiona kupitia skrini ndogo iliyofungwa kifuani. Caroll Spinney alifanya hivyo tangu kipindi cha Sesame Street kilipoanza mwaka 1969. Matt Vogel alianza kujifunza chini yake mwaka 1996. Mwili wa Spinney ulipochoka, kwanza alitoka ndani ya vazi akabaki na sauti, kisha 2018 akaacha vyote. Alifariki Desemba 2019, na siku hiyo Big Bird hakuwa yatima. Miaka 22 ya kukabidhi kidogo kidogo: kwanza mwili, kisha sauti.

Sooty ana wepesi wake wa pekee. Haongei. Humnong'oneza mwenzake sikioni, naye ndiye anayetuambia kasema nini. Kwa hiyo aliyebadilika miaka yote hii ni mtu aliye kando yake, na dubu hana sauti ya kuigwa.

*Mtazamaji.* Mtoto wa miaka minne hamjui Henson, anamjua Ernie, kikaragosi wa Sesame Street. Sesame Street walilitenganisha hili kwa makini. Will Lee, mwigizaji aliyekuwa mwenye duka Bwana Hooper, alipofariki Desemba 1982, hawakumtafuta mtu mwingine wa kuvaa aproni yake. Novemba 1983 walionyesha kipindi ambamo wakubwa wanamweleza Big Bird kwamba Bwana Hooper amekufa na hatarudi. Lakini Ernie, ambaye pia alikuwa mkono na sauti ya Henson, alikaa kimya kwa sehemu kubwa hadi 1993, kisha akarudi kwa mkono wa Whitmire. Binadamu aliombolezwa kama binadamu. Kikaragosi alirudi mtaani kwake. Naona walifanya haki kwa watoto mara zote mbili.

*Haki na riziki.* Hapa njia hii inaumiza. Mauzo yale kwa Disney yalivunjika mwishoni mwa 1990. Kampuni ya Henson ikauzwa kwa EM.TV ya Ujerumani mwaka 2000, familia ikainunua tena 2003, na 2004 Kermit na wenzake wakawa mali ya Disney. Whitmire alimchezesha Kermit muda wote huo bila kummiliki. Mwaka 2016 aliondolewa, habari ikatoka hadharani Julai 2017, na yeye akaandika kwamba hakutaka kumwacha Kermit. Nafasi ilichukuliwa na Matt Vogel, yuleyule wa Big Bird. Sitaki kuamua nani alikuwa na haki, kila upande ulitoa sababu zake. Ninachokiona ni kwamba mrithi wa mkono na mrithi wa hati walikuwa watu tofauti, na hapakuwa na mwanzilishi wa kuwapatanisha.

Linganisha na Lamb Chop, mwanakondoo wa soksi wa Shari Lewis. Shari alifariki Agosti 1998, na binti yake Mallory ndiye anayemchezesha hadi leo. Anayemvaa mkononi ni mtu aliyekulia naye nyumbani, na watazamaji humwamini kwa sababu hiyo. Hata hivyo damu pekee haitoshi: mtoto asiyependa kazi asibebeshwe mkono wa mzazi wake.

*Inamfaa nani.* Kazi yenye kikundi nyuma yake, kikaragosi mwenye tabia inayoeleweka hata bila sauti fulani, na zaidi mwanzilishi ambaye bado yu hai na anaweza kukaa na mwanagenzi.

Njia ya tatu: kizazi kipya

Fred Rogers alifariki tarehe 27 Februari 2003. Kwa zaidi ya miaka 30 alikuwa amezungumza na watoto wa Marekani polepole, akiwachezesha mwenyewe wengi wa vikaragosi wake, akiwemo Daniel, simba-marara mwenye haya aliyeishi ndani ya saa. Hakuna aliyeingiza mkono ndani ya Daniel yule ili kuendeleza kipindi. Septemba 2012 kampuni aliyoianzisha Rogers ilileta katuni ambayo mhusika mkuu ni Daniel mwingine, mtoto wa miaka minne, mwana wa yule wa zamani. Majirani zake nao wengi ni watoto wa wahusika wale wa kwanza.

*Nia ya mwanzilishi.* Haiguswi moja kwa moja. Kinachoendelezwa ni mafundisho yake: namna ya kuwa na hasira bila kumuumiza mtu, namna ya kungoja zamu.

*Mkono na sauti.* Tatizo limekwepwa kabisa, maana hakuna mkono. Na kuna kilichopotea. Haya ya Daniel wa zamani ilikuwa haya ya Rogers mwenyewe, na katuni haina pumzi ile.

*Mtazamaji.* Kwa mtoto mdogo ni nzuri mno, hana wa kumlinganisha naye. Mtu mzima aliyelelewa na Rogers huenda akahitaji muda.

*Haki na riziki.* Inahitaji taasisi yenye fedha na watu waliofundwa na mwenyewe. Familia ya msanii mmoja haiwezi kwa urahisi.

Ndani ya njia hii naweka pia zile nyumba zinazozaa wahusika wapya kabisa chini ya paa la zamani. Takalani Sesame, yaani Sesame Street ya Afrika Kusini, ilianza mwaka 2000, na 2002 ikamleta Kami, yatima anayeishi na virusi vya UKIMWI, kwa watoto waliokuwa wakiona ugonjwa huo majumbani mwao. Tanzania ikapata Kilimani Sesame. Henson hakumwona hata mmoja wao. Kama nyumba ingefungwa 1990, wasingezaliwa.

*Inamfaa nani.* Kazi iliyobeba fundisho zito kuliko utani, na mwanzilishi ambaye haiba yake haiigiki.

Njia ya nne: kuwaachia watu

Laurent Mourguet wa Lyon, Ufaransa, aliyekuwa mfumaji wa hariri kisha mng'oa meno, alimtengeneza kikaragosi Guignol mwanzoni mwa karne ya 19. Aliwafundisha watoto wake, nao wakafundisha wengine, na Mourguet alipofariki 1844 Guignol alikuwa tayari mikononi mwa wengi. Leo kila mchezeshaji wa Lyon ana Guignol wake, na hakuna anayeuliza ruhusa.

Kwa nia, mwanzilishi aliruhusu kwa kufundisha. Sauti si moja, ni nyingi, na hilo ni sehemu ya raha. Mtoto anampata Guignol aliye hai, mbele yake. Riziki inagawanyika kwa wengi, lakini hakuna wa kumzuia mtu akimtumia kwa jambo ambalo Mourguet angelichukia. Inamfaa mhusika anayesimamia mtaa au tabaka fulani la watu kuliko kumsimamia msanii mmoja. Msanii anayeishi kwa mauzo ya kazi yake asiende huku bila kufikiri sana.

Kwa hali yako

*Kama wewe ndiye mwanzilishi na uko hai,* una uwezo ambao hakuna mwingine atakuwa nao baada yako. Amua sasa. Kama hutaki aendelezwe, andika, na useme kitu chenyewe kiende wapi. Kama unataka, mwingize mwanagenzi leo: aanze na mikono ya kikaragosi wakati wewe unashika kichwa, apokee maonyesho madogo, akosee ukiwepo. Rekodi mazungumzo yenu kuhusu tabia ya mhusika, hasa yale asiyoweza kuyafanya kamwe. Sajili kazi kwenye ofisi ya hakimiliki ya nchi yako, na katika wosia tenganisha mambo matatu: nani anamiliki kikaragosi, nani anamiliki jina, nani anaruhusiwa kumchezesha.

*Kama ninyi ni familia na hakuna maelekezo,* msiamue wiki ya msiba. Mwacheni anyamaze kama Rowlf au Ernie alivyonyamaza. Tafuteni alifanya kazi na nani kwa karibu, na alikuwa akipanga nini mwezi wake wa mwisho. Kama alifanya kila kitu peke yake na hakumfundisha yeyote, mimi ningeegemea kwenye makumbusho au kizazi kipya. Kama kuna aliyekaa naye miaka, mwiteni mapema hata kama si ndugu.

*Kama ni kikundi au kituo cha televisheni,* msiwe na mhusika mwenye mchezeshaji mmoja tu anayemjua. Hata kabla ya kifo kuna ugonjwa, safari na uzazi. Na watoto wakijua mchezeshaji amefariki, waambiwe ukweli kuhusu mtu huyo, kama Sesame Street walivyofanya kwa Bwana Hooper.

*Kama wewe ni mzazi,* mwonyeshe mtoto wa zamani na wa sasa bila kumtangulizia hukumu yako. Akiuliza kwa nini sauti imebadilika, mwambie kwamba aliyekuwa akimsemea amekufa na kwamba mtu mwingine aliyempenda anaendelea.

*Kama wewe ndiye unayeombwa kurithi,* uliza maswali matatu kabla ya kuingiza mkono: mwenyewe aliwahi kusema nini, nani anashika hati, na mkataba unasemaje siku wakitaka kukuondoa. Kama hilo la mwisho halijajibiwa kwa maandishi, subiri lijibiwe ndipo usimame jukwaani.